Gari Narudi Jana

Mjukuu wangu ameniambia kesho tena. Hii ni mara ya tano tangu Krismasi, na kila mara analitamka neno hilo kwa sauti tamu ya mtu anayekupa zawadi. "Kesho, Kukhu, haki." Ana kigari chekundu, ana simu inayojua barabara zote za nchi hii pamoja na vichochoro vyake, na ana kukhu mmoja tu aliyebaki, yaani mimi. Ninachoomba ni siku mbili: Kakamega hadi Eldoret, Eldoret hadi Kitale, kisha nyumbani. Nilipomweleza kwamba nataka kupeleka nazi mbili kwenye mahekalu ya Wahindi katika miji hiyo, alinitazama kwa makini, akaniuliza kama nimemeza dawa zangu za presha.

Nimemeza. Na nazi zipo hapa mezani ninapoandika. Siku hizi unazipata sokoni Kakamega bila jasho, zimepangwa kando ya ndizi na maparachichi. Nikizitikisa nasikia maji ndani. Hilo ndilo linalonikera, rafiki yangu, kwa maana najua nazi inakaa muda gani kabla maji hayajaanza kupungua. Nililijua nikiwa na miaka tisa, darasa la nne, nyuma ya duka la Wahindi alikofanya kazi baba yangu, katika miaka ile bendera ilipokuwa mpya na kila mtu mzima alikuwa na shughuli kubwa kuliko safari ya mwanamke mmoja mzee.

Duka lilikuwa kwenye barabara kuu, mabati yake yamepakwa rangi nyekundu iliyopauka. Ukiingia ulikutana kwanza na harufu ya bizari na mafuta ya taa, halafu ya vitambaa vipya, na mwisho kabisa, kutoka ndani nyumbani kwao, harufu ya uvumba na samli iliyochemka. Kibarazani kulikuwa na fundi wa cherehani, Mwislamu wa Mumias, mtu mwembamba aliyepiga salamu zake zote kamili hata kwa mtoto, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha yeyote mjini. Baba yangu alikuwa dereva wa pikapu ya duka. Alibeba chumvi na sukari kwenda masoko ya Matungu, akaleta mahindi kutoka Mautuma, kule ambako watu walikuwa wanaanza kugawiwa mashamba ya Wazungu. Shule ikifungwa jioni nilimngoja huko nyuma uani ili turudi pamoja kwetu Lurambi, na mtoto anayengoja hawezi kuachwa akae bure. Nilipewa ungo nichambue mchele na choroko.

Aliyenipa ungo ni mama mzazi wa mwenye duka. Alikuwa mfupi, mjane, kila siku katika sari nyeupe, na miguu yake ilikuwa na nyufa kama ya kukhu wangu mwenyewe. Kwetu mtu wa umri ule humwiti kwa njia nyingine, kwa hiyo siku ya kwanza nikamwita Kukhu. Alikasirika. Alimwita mwanawe, akamwita fundi, akanielekezea kidole na kusema kwamba yeye si kuku, na katika nyumba yake hakuna mtu aliyewahi kula kuku. Fundi alicheka mpaka akakosa mshono. Alimweleza kwamba mtoto anasema Kiluhya, maana yake ni bibi, na kama hapendi, basi Kiswahili cha huku ni nyanya. Yule mama akafikiri kidogo. Nyanya ni ile ya mchuzi? Ndiyo, ile ile. Akasema afadhali, nyanya anakula. Kuanzia siku hiyo akawa Nyanya wetu sote, hata baba yangu alimwita hivyo.

Sasa sikiliza habari ya nazi. Mwanawe, huyo mwenye duka, alikuwa ameugua homa ya matumbo mwaka mmoja kabla sijaanza kukaa uani kwao, akakaribia kufa. Nyanya akaweka nadhiri. Akipona, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, atapeleka nazi tatu kwenye mahekalu matatu, Kisumu, Eldoret na Kitale, katika safari moja, na safari hiyo itaanza siku ya mwezi mpevu. Sikuwahi kuona hekalu pale mjini kwetu. Wao walisali nyumbani, mbele ya kabati dogo lenye picha na taa ya samli, na nazi ziliwekwa juu ya kabati hilo zikiwa zimefungwa kitambaa chekundu. Zililetwa kwa treni kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mimi sikuwa nimewahi kuona nazi. Mwanawe alipona, akanenepa, akasahau. Mamaye hakusahau hata siku moja, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Nami nilikuwa kwenye mipango ya safari hiyo, usidhani nilikuwa mtazamaji. Nyanya alikuwa ameamua kwamba nitakwenda pamoja naye na baba, kwa sababu Kiswahili chake kilihitaji mtu wa kukifuata nyuma na kukiokota. Baba alikuwa hana subira ya kukiokota, mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa sijawahi kuvuka mto wowote mkubwa zaidi ya Isiukhu, na pale Kisumu kulikuwa na ziwa ambalo watu walisema huoni ng'ambo yake. Nililitamani ziwa hilo mpaka nikawa naliota.

Tulipanga safari juu ya unga. Kila alasiri Nyanya alikaa chini kwenye mkeka, akamwaga unga kwenye kibao cha chapati, akausawazisha kwa kiganja. Halafu alichora kwa kidole. Donge dogo la unga uliokandwa hapa, hiyo Kakamega. Kidole kikashuka mpaka Kisumu, kikapanda Kapsabet, kikafika Eldoret ambako tungelala kwa jamaa zao, kikazunguka Kitale, kikarudi nyumbani kupitia mtoni Nzoia. Njia yote ilikuwa mviringo. Alinionyesha pale tutakaposimama kula: chapati nyembamba zenye majani ya uwatu ambazo hazichachi upesi, achari ya maembe, na chevda, vile vitafunio vikavu vya pilipili, kwa ajili ya baba, maana baba angeweza kula chevda mpaka akasahau ameajiriwa kufanya nini. Nami niliijua ile njia kwa moyo kabla sijawahi kuiona. Kisha mwanawe angepita mlangoni na kusema kitu kwa lugha yao, kifupi, huku akitazama saa, na Nyanya angefuta barabara zote kwa kiganja kimoja, akaukanda unga ule ule, akasukuma chapati za jioni. Tulikula ramani hiyo sijui mara ngapi.

Sababu hazikuisha. Mara ya kwanza ilikuwa mvua, barabara ya Kapsabet ilikuwa tope. Mwezi uliofuata zilikuwa kampeni, na mwenye duka akasema si wakati wa mama mzee kuzunguka na pikapu, watu wamechangamka mno. Mwezi mwingine pikapu ilikodishwa kubeba viti vya sherehe za Uhuru. Tulicheza, tukapewa maandazi na vibendera vya karatasi, na katikati ya shangwe ile yote nilimwona Nyanya amekaa mlangoni akiutazama mwezi mpevu mchana kweupe, ukichomoza kabla jua halijatua. Halafu ukaja msimu wa mahindi ya Mautuma. Halafu wageni. Kila mara ilikuwa mwezi ujao, na kila mwezi ujao ulikuja na lake. Mwalimu wangu alinipa ruhusa mara nne kwa safari moja, na mara ya tano akaniambia nisimletee tena hadithi hiyo, nimletee hesabu za kugawanya.

Nyumbani mama naye alikuwa na yake. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, na jambo la mwanawe kuingia nyumba ya sanamu lilimnyima raha. Baba alimwambia mtoto atabaki ndani ya gari na chapati. Mama akauliza ni nani atakayemshika abaki. Walibishana hivyo kila mwezi, na kila mwezi ubishi ulikufa wenyewe kwa kuwa safari yenyewe ilikufa. Mimi nilikuwa nikitikisa nazi kila siku Nyanya akiwa hatazami. Mwanzoni maji yalikuwa yakipiga kelele. Baada ya Uhuru yalikuwa yananong'ona. Alibadilisha nazi mara mbili, akaagiza nyingine kwa treni, na hizo nazo zikaanza kunyamaza.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Katika lugha ya kina Nyanya, jana na kesho ni neno moja. Usishangae, kwao kitenzi ndicho kinachokuonyesha kama siku imepita au inakuja. Lakini Nyanya alipohamia kwenye Kiswahili, vitenzi aliviacha njiani. Kwake kila kitu kilikuwa na "na": nakuja, narudi, nanunua, iwe ilikuwa au itakuwa. Kwa hiyo alikuwa na maneno mawili ya siku, jana na kesho, na hakuwa na habari yanatofautianaje. Alichukua lolote lililokuwa karibu na ulimi. "Sukari nakuja jana," alimwambia mteja, na mteja akaondoka akidhani sukari imekwisha, kumbe itashushwa asubuhi. Mara nyingi alisema jana akimaanisha kesho. Sijui kwa nini alilipenda zaidi neno hilo.

Mimi nilijifunza kumgeuza. Akisema jana, nilimwambia baba kesho. Nilikuwa sahihi karibu kila mara na nilijisikia mtu mkubwa. Watu wazima walinisifu. Nikaota mapembe. Jumamosi moja, duka limejaa wanawake wa sokoni, nilijitanda leso kichwani kama sari yake na kumwigiza. "Leo napika kesho, jana nakula leo," nikasema, nikitingisha kichwa. Walicheka wakashika mbavu. Nilipogeuka, Nyanya alikuwa amesimama nyuma ya pazia la ndani. Naye alicheka. Lakini alirudi jikoni mapema, na jioni hiyo hakuchora njia kwenye unga. Niliona, na nilijifanya sijaona.

Baadaye mambo yakaanza kwenda mbio. Wahindi walikuwa wamepewa muda wa kuamua kama watakuwa raia wa Kenya au la, na mwenye duka akaamua kuhamia Uingereza. Bidhaa zikaanza kuuzwa. Baba akaambiwa kazi imekwisha isipokuwa siku atakazoitwa, akabaki nyumbani Lurambi akilima. Pikapu ilipelekwa Kisumu kwa mafundi wa magari ili irekebishwe ipate mnunuzi. Na Nyanya, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amepangiwa na kila mtu, safari hii alikaa chini katikati ya duka na kusema kwamba yeye hatapanda meli yoyote akiwa na deni la Mungu. Nusura mwanawe alie. Wakakubaliana: gari likirudi kutoka Kisumu kabla ya mwezi mpevu, litakwenda mahekaluni kwanza, ndipo mnunuzi alichukue. Mwenye duka hakujua kuendesha, kwa hiyo dereva ni baba. Na baba akatoa ahadi mbele ya fundi kwamba siku akisikia gari limerudi, alfajiri yake atakuwa mlangoni.

Wa kumpelekea habari nilikuwa mimi, kwa kuwa nilipita dukani kila siku nikitoka shule.

Ilikuwa Alhamisi. Mwezi mpevu ulikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa imejikusanya upande wa msitu na nilikuwa nakimbia niiwahi. Nyanya alitoka kibarazani mikono imejaa unga mpaka viwiko, akanishika begani, akanifanya nisimame. Alisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Mwambie baba. Gari narudi jana. Sisi tayari."

Nikasema sawa, Nyanya. Sikutupa hata jicho kuelekea uani ambako pikapu ilikuwa imeegeshwa, imeoshwa, imetiwa mafuta. Nilikimbia nikiwa nimeshaligeuza lile neno kichwani kabla sijafika kwenye kona.

Nyumbani mama alikuwa anasonga obusuma. Nilimpa baba habari: gari litarudi kesho, wao wako tayari. Baba akauliza kama ni Nyanya mwenyewe aliyesema kesho. Nikamwambia amesema jana, lakini jana yake si tunaijua. Baba akaguna.

"Huyo mama anasemanga jana akitaka kesho," alimwambia mama. "Gali inarudi kesho, na mwezi wake ni kesho. Basi hiyo safali imekufa tena."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kufunga mizigo ya safari isiyoondoka. Kulipopambazuka kidogo alipanda baiskeli akaenda Matungu kumsaidia ndugu yake kulima, kazi ya siku mbili ambayo alikuwa ameiahirisha kwa ajili ya Nyanya.

Asubuhi nilipopita kwenda shule, nilimwona kutoka mbali. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka. Sari yake nyeupe ilikuwa mpya, haijawahi kufuliwa, bado ina mikunjo ya kiwandani. Alivaa raba nyeusi badala ya makubazi. Kando yake kulikuwa na kikapu, na juu ya kikapu nazi tatu katika kitambaa chekundu, na mbele yake pikapu imetazama barabara, tayari kuondoka. Ardhi ilikuwa na umande na nyayo zake zilikuwa zimezunguka gari lile mara nyingi. Alinyanyuka aliponiona, akatazama nyuma yangu, akatafuta.

"Baba wapi?"

Nikamwambia ameenda Matungu, kwa kuwa gari lilikuwa bado. Nikamwambia yeye mwenyewe alisema gari linarudi kesho.

"Mimi nasema jana."

"Lakini Nyanya, jana yako ni kesho."

Cherehani ilisimama. Fundi aliinua uso, akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau, na akazungumza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi. Alisema gari lilifika Jumatano jioni, yeye mwenyewe alilifungulia lango. Alisema kwa wiki tatu huyu mama amekuwa akija kwenye kiti chake kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, akihesabu vidole, akiuliza, fundi, hii leo, hii jana, hii kesho. Kwamba alimkataza kumwambia mtu. Kwamba alitaka kulisema vizuri mara moja kabla hajaondoka nchi hii.

"Na jana amelisema," fundi akamaliza. "Gari lilikuwa limerudi jana yake."

Nyanya hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alikaa tena kwenye ngazi, akasawazisha sari magotini. "Mimi nasema sawa," aliniambia, taratibu, kama anayetaka niandike. "Mimi nasema sawa."

Walijaribu, usifikiri hawakujaribu. Mwenye duka alikwenda kuazima dereva wa duka la jirani, lakini alikuwa ameenda Mumias na shehena. Alimwomba mtu wa posta, akakataliwa. Mimi nilichelewa shule na nikala viboko vyangu, na kwa mara ya kwanza nilivikubali bila kinyongo. Nilipotoka jioni Nyanya alikuwa pale pale kwenye ngazi. Yule dereva wa jirani alikuwa ndiyo kwanza anashusha gunia la mwisho, na mwezi ulikuwa umeshachomoza juu ya mabati, mkubwa na mwekundu, haujali mtu. Nyanya aliutazama, akafungua kikapu, akagawa chapati zote za uwatu kwa watu waliokuwa kibarazani. Alinipa na mimi mbili. Nilizila kwa kuwa sikujua la kufanya nazo.

Jumamosi mnunuzi akaja akaichukua pikapu.

Baba aliporudi kutoka Matungu alikwenda dukani kwanza, ndipo akaja nyumbani. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala. Aliniita, nikatoka, nikaanza kulia kabla hajasema kitu. Akasema kosa ni lake, angetia miguu akaangalia mwenyewe. Alisema amemwambia Nyanya hivyo hivyo. Hakulizungumzia tena mpaka alipokufa, na wala hakula chevda tena, hata harusini.

Waliondoka wiki mbili baadaye, kwa gari la kukodi mpaka Kisumu, kisha treni. Watu wa barabara ile walisimama kuaga. Mama yangu alikuja pia, na alimletea Nyanya ndizi mbivu, kwa kuwa alisikia hawali chochote chenye damu. Nyanya alinivuta pembeni. Nazi ya Kisumu alikuwa ameibana kwapani. Hiyo angeipitisha hekaluni wakielekea stesheni, na kama si siku ya mwezi, Mungu angesamehe moja. Mbili zilizobaki aliniwekea mikononi, moja baada ya nyingine. Hii Eldoret. Hii Kitale. Kisha akanishika kidevu.

"Wewe peleka jana," alisema.

Gari likaondoka. Nilisimama na nazi zangu mbili na nilijiuliza swali ambalo sijalipatia jibu hadi leo. Je, uchungu ulimvuruga akarudia lugha yake ya zamani, au alilichagua neno hilo kwa makusudi, akijua kwamba sasa hivi hakuna wa kuligeuza ila mimi?

Sikupeleka. Ningependa kukupa sababu kubwa lakini sina. Nilikuwa mtoto, Eldoret ilikuwa mbali, baba alikuwa anatafuta kazi. Mama aliziweka nazi juu ya dari ya jikoni, akisema kwa aibu kwamba si vizuri kutupa chakula cha mtu wala si vizuri kukila. Moshi ukazikausha. Moja ilipasuka yenyewe kwa joto, na ya pili mama akaipasua akitaka kujua kulikuwa na nini. Nyama ilikuwa imekauka kama ngozi, ina uvundo wa mafuta, tukawapa kuku. Vifuu havikutupwa. Baba alivichonga, akavitia mipini, vikawa kata. Kwa moja tulichotea maji, kwa nyingine tulipimia unga. Miaka yote ya shule nilipima unga wa obusuma kwa nadhiri ya Nyanya, kila jioni, na kila jioni nilijua ninachoshika.

Nikakua, nikawa mwalimu. Wa somo gani, unadhani? Nilifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilisahihisha nyakati za vitenzi kwa kalamu nyekundu katika madaftari ya watoto wa Kakamega, wa Lugari, wa kila mahali nilikohamishiwa. Niliwakemea waliochanganya "li" na "ta". Nilipita Eldoret mara nyingi kwa semina, na Kitale kwenye mazishi, na kila mara nilijiambia safari nyingine nitabeba nazi.

Duka lenyewe halipo. Mahali pake pana jengo la ghorofa lenye vioo, chini wanauza simu, na vijana waliosimama mlangoni hawajui kwamba wanakanyaga ngazi ya mtu. Harufu ile ya uvumba na bizari nimeitafuta kwenye maduka makubwa nikaikosa. Fundi alizikwa Mumias. Baba na mama wamelala Lurambi. Hakuna mtu mwingine duniani anayekumbuka kwamba mwanamke mmoja mzee alijifunza maneno mawili kwa wiki tatu, akayasema sawa, na mtoto aliyejidai mjuzi akayaharibu. Nikifa na hilo litakwenda. Ndiyo maana nina haraka, na ndiyo maana kila nikisikia kesho damu inanipanda.

Jioni hii mjukuu wangu amenipigia tena simu. Nadhani mamaye amemsema. Alikuwa mpole, akaniuliza nataka twende lini hasa, nitaje siku moja, aombe ruhusa kazini, na safari hii hataiahirisha. Nilikuwa nimeshika nazi moja sikioni, nasikiliza maji. Nilikuwa na kalenda mbele yangu, na mwezi mpevu nimeuzungushia kalamu nyekundu. Nilifungua mdomo nimtajie tarehe.

"Jana," nikasema.

Akacheka. Akasema, Kukhu, sasa umeanza kuchanganya maneno, wewe, mwalimu mzima.

Sikumsahihisha.